Kuki za intaneti: nani anashika habari zetu tunapofungua simu?

Kila mmoja wetu mwenye simu ya kugusa amekwisha kukutana na dirisha lile. Unatafuta dawa ya kikohozi cha mtoto, au namna ya kutengeneza sabuni, au matokeo ya Exetat. Ukurasa haujafunguka vizuri, tayari maandishi yanafunika nusu ya kioo: «Nous utilisons des cookies». Chini yake kuna kitufe kikubwa cha rangi, «Tout accepter». Mtoto analia, mega zinakwisha, chungu kiko motoni. Tunabonyeza. Dirisha linaondoka, nasi tunaendelea na shughuli zetu.

Katika mikutano ya vikundi tumeulizwa mara nyingi: pale tunakuwa tumekubali nini? Mama mmoja anasema ni virusi. Mwingine anasema ukikubali, pesa zako za M-Pesa zitaibwa. Wa tatu anasema hayo ni mambo ya Ulaya, sisi huku Lubumbashi hayatuhusu. Wote watatu wamekosea, na huyu wa tatu ndiye tunayemhofia zaidi, kwa sababu yeye hatauliza tena.

Kwa hiyo leo tuchukue nafasi tueleze jambo hili polepole, kama darasani. Halihitaji shule kubwa. Mama aliyekwisha kupanga mstari siku ya CPN analijua tayari nusu yake.

Muuguzi anayesahau

Fikirieni kituo cha afya chenye muuguzi mwenye ugonjwa wa kusahau. Umeingia asubuhi, amekupima uzito, ameandika. Unatoka kidogo kunywa maji, unarudi baada ya dakika mbili, naye anakuuliza: «Karibu mama, wewe ni nani?» Unaeleza tena tangu mwanzo. Unakwenda maabara, unarudi, anakuuliza tena.

Tovuti za intaneti ndivyo zilivyotengenezwa tangu mwanzo. Kila ukurasa unaoufungua ni ombi jipya, na kompyuta inayokujibu kule mbali haikumbuki ombi lililotangulia. Kwa kusoma tu, hakuna shida. Lakini kwa kununua kitu haiwezekani: ukichagua kitenge kwenye ukurasa mmoja, ukifika kwenye ukurasa wa kulipa, duka limekwisha kukusahau wewe na kitenge chako.

Mwaka 1994 kijana mmoja wa Marekani, Lou Montulli, aliyefanya kazi katika kampuni ya Netscape, alipata dawa ya ugonjwa huo. Ni dawa tunayoijua sana: fishi. Muuguzi anakupa karatasi ndogo yenye namba tu, tuseme 7731. Uzito wako, tarehe zako, majibu ya damu, vyote vinabaki katika rejista ndani ya kabati lake. Ukirudi unaonyesha karatasi, anafungua rejista kwenye 7731, anakuita kwa jina kana kwamba hakukusahau kamwe.

Karatasi hiyo ndiyo kuki. Ni maandishi mafupi ambayo tovuti inaikabidhi simu yako, na kivinjari chako (yaani Chrome, Opera, Firefox au Safari, ile programu unayofungulia intaneti) kinayahifadhi. Kila ukirudi kwenye tovuti ileile, kivinjari kinaonyesha karatasi bila kukuuliza. Neno lenyewe maana yake ni biskuti. Wataalamu wa kompyuta walikuwa wakiliita hivyo tangu zamani kipande cha habari kinachotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine na kurudi bila kubadilika. Kiswahili cha kwenye simu mara nyingine husema vidakuzi. Sisi tutasema kuki, ndilo neno tunalosikia hapa kwetu.

Sasa tuwajibu wale wawili wa kwanza. Kuki si virusi, kwa sababu si programu. Haifanyi kazi yoyote yenyewe, kama vile fishi ya CPN haiwezi kutembea usiku. Ni ndogo mno, haipiti karibu herufi elfu nne. Haiwezi kufungua picha zako wala kusoma mesaji zako. Pesa zilizo kwenye M-Pesa, Airtel Money au Orange Money zinapita njia nyingine, na mlango wake ni namba yako ya siri. Tena kivinjari kina adabu moja muhimu: kuki iliyotolewa na tovuti moja haionyeshwi kwa tovuti nyingine. Fishi ya kituo kimoja haisomwi katika kituo kingine.

Kuki nyingine zinakufa ukifunga kivinjari. Nyingine zina tarehe ya mwisho, nazo hukaa miezi, hata mwaka na zaidi; Chrome ya siku hizi haikubali zipite siku 400. Bila kuki tungeandika neno la siri kwenye kila ukurasa wa barua pepe. Mpaka hapa hatuna ugomvi nazo hata kidogo.

Yule anayekaa mlangoni

Ugomvi unaanzia hapa. Ukurasa wa intaneti tunaouona kama kitu kimoja haukupikwa katika nyumba moja. Ni kama meza ya karamu ya kikundi: bukari imetoka kwa mama huyu, samaki kwa yule, lenga-lenga kwa mwingine. Maandishi yametoka kwenye tovuti uliyoifungua, lakini tangazo lililo pembeni limetoka kwa kampuni ya matangazo, video imetoka kwingine, na kile kidole cha «J'aime» tulichozoea kukiona kilitoka kwa Facebook. Simu yako inaomba kila chakula kwa mpishi wake. Na kila mpishi, maadamu ameombwa, ana ruhusa ya kukupa fishi yake mwenyewe.

Rudini kwenye mfano wetu. Kuna mtu mmoja aliyepewa kiti kidogo mlangoni mwa kituo cha afya. Mtu huyohuyo ana kiti mlangoni mwa shule, mlangoni mwa duka la nguo, mlangoni mwa ofisi ya mikopo, mlangoni mwa kanisa. Hakuombi jina. Mara ya kwanza alikupa karatasi yake yenye namba, na tangu hapo kila ukipita mlango wowote aliopo, unaionyesha bila kujua. Adabu ya kivinjari haikuvunjwa: karatasi yake anaonyeshwa yeye mwenyewe tu. Ni kwamba yeye yuko kila mahali.

Siku ya kwanza ya juma anaandika: namba 7731 amesoma kuhusu kukosa hedhi. Siku ya pili: namba 7731 ameuliza bei ya kipimo cha mimba. Siku ya nne: namba 7731 amesoma kuhusu mikopo midogo bila dhamana. Siku ya posho, usiku wa manane: namba 7731 amesoma kuhusu mume anayepiga. Jina halimo. Lakini nani kati yetu angependa daftari hilo liwe mikononi mwa mtu asiyemjua? Na siku utakapoandika jina lako, namba yako ya simu au barua pepe katika mlango mmoja tu ambapo yeye ndiye mwenye nyumba, namba na jina vinaunganishwa, pamoja na majuma yote yaliyotangulia.

Daftari hilo linauzwaje? Mara nyingi haliuzwi kama daftari. Kinachouzwa ni nafasi mbele ya macho yako. Mfanyabiashara anasema: nataka tangazo langu lionekane na wanawake wenye mimba changa, au na watu wanaohitaji pesa kwa haraka. Mwenye daftari anajua ni namba zipi. Kampuni moja ya Marekani, DoubleClick, ilianza kazi hiyo katika miaka ya 1990. Google iliinunua kwa dola bilioni 3.1, biashara ikakamilika mwaka 2008. Hakuna anayelipa pesa kama hizo kwa biskuti.

Si kwamba hatari hiyo haikuonekana mapema. Kanuni ya kiufundi ya kuki iliyoandikwa mwaka 1997 ilisema kuki za huyu wa mlangoni zisikubaliwe isipokuwa mwenye kompyuta ametaka. Watengenezaji wa vivinjari wakati ule hawakuifuata. Tunataja jambo hili kwa sababu watu hupenda kusema mitambo ndivyo ilivyo, haina budi. Ilikuwa na budi. Watu walichagua.

Kidole cha Facebook na mahakama ya Brussels

Mama anaweza kusema: mimi sina Facebook, basi nimepona. Wabelgiji walisema hivyohivyo. Tume ya Ubelgiji ya kulinda maisha ya siri ya watu ilichunguza ikakuta kwamba Facebook iliweka kuki, jina lake «datr», hata kwenye simu na kompyuta za watu wasio na akaunti. Ilitosha mtu kufungua ukurasa mmoja tu wa Facebook, kwa mfano tangazo la sherehe. Kuki hiyo ilikuwa ya kudumu miaka miwili, na baada ya hapo kila alipofungua tovuti yoyote yenye kidole cha «J'aime», habari ilifika kwa Facebook, hata kama hakukigusa kile kidole.

Tume ilikwenda mahakamani. Novemba 2015 mahakama ya Brussels iliamuru Facebook iache kuwafuata watu wasio wake, la sivyo ilipe euro 250,000 kwa kila siku. Facebook ilikata rufaa, na mwaka 2016 ikashinda. Mahakama ya rufaa haikusema kwamba jambo lile ni zuri. Ilisema kwamba kampuni iliyoshitakiwa ina makao Irlandi, na mahakimu wa Brussels hawana mamlaka juu yake. Kesi iliendelea miaka mingine. Ikiwa Ubelgiji, yenye mahakama zake na mawakili wake, ilihangaika namna hiyo, mnaelewa kwa nini hatuwaambii wamama wa Katuba wangoje serikali ndipo walinde simu zao.

«Mimi sina la kuficha»

Maneno haya tunayasikia sana, na huwa yanasemwa na mtu mwenye simu yake peke yake. Katika nyumba zetu wengi hatuko hivyo. Simu ni ya baba, mama anaikopa jioni. Au ni ya mama, lakini mtoto wa darasa la sita anafanyia kazi za shule, shemeji anatazamia mpira, na mama mkwe anapigia simu Likasi.

Katika kikundi kimoja tulisikia habari hii. Mama mwenye watoto watano alitaka kujua kuhusu uzazi wa mpango. Alikuwa bado hajazungumza na bwana wake. Alitaka asome kwanza ajue anachokwenda kusema. Akachukua simu ya bwana, akasoma usiku, kisha akafuta historia ya kurasa alizofungua. Alijua kazi hiyo, wala si mama mjinga. Baada ya siku mbili bwana alikuwa anasoma habari za mpira, na pembeni mwa kila ukurasa yanamtokea matangazo ya vidonge na sindano za kuzuia mimba. Akauliza. Mazungumzo ambayo mama alitaka kuyaanza mwenyewe, kwa siku aliyoichagua, yalianza kwa ugomvi.

Wamama wengi hapa hawajui kwa nini, kwa hiyo tueleze. Historia ni orodha ya kurasa ulizofungua. Kuki ni karatasi ulizopewa kwenye kurasa hizo. Ni vitu viwili, vinakaa mahali tofauti. Kufuta historia ni kuchana ukurasa wa daftari lako. Fishi ya yule mtu wa mlangoni bado iko mfukoni mwa simu. Katika Chrome ya Kifaransa, ukienda kufuta, utakuta visanduku kama hivi: «Historique de navigation», «Cookies et données de site», na «Images et fichiers en cache». Aliyeweka alama kwenye kile cha kwanza peke yake hajafuta kuki hata moja.

Kwa habari za mwili, programu za simu nazo zina njia zao, hata pasipo kuki. Kuna programu ya kuhesabu siku za hedhi, Flo, iliyokuwa inatumiwa na wanawake zaidi ya milioni 100 duniani. Iliahidi kwamba habari zao zitabaki siri. Januari 2021 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilitangaza makubaliano na kampuni hiyo, baada ya kuishitaki kwamba ilipeleka habari za afya za wanawake kwa makampuni mengine, Facebook na Google yakiwemo. Ilipeleka hata alama kwamba fulani ana mimba. Kalenda ya karatasi iliyotundikwa nyuma ya mlango haijampelekea mtu yeyote habari kama hiyo.

Fishi iliyobaki kwa mwingine

Mpaka sasa tumezungumza juu ya makampuni ya mbali. Lakini kwa vikundi vyetu hatari ya karibu zaidi ni nyingine, na inaanza na kuki nzuri, ile ya kuingilia.

Unapoandika barua pepe yako na neno la siri, tovuti inakukagua mara moja tu. Baada ya hapo inakupa kuki inayosema: huyu nimekwisha kumkagua, apite. Tangu wakati huo neno la siri halihitajiki tena. Karatasi ndiyo ufunguo. Ukifunga ukurasa, karatasi inabaki. Ukizima simu, karatasi inabaki. Yeyote atakayeshika simu hiyo na kufungua tovuti ile, anapita.

Sasa fikirieni mweka hazina wa likelemba anayekwenda kwenye duka la intaneti kule mjini kuchapisha orodha ya wanachama. Anafungua barua pepe ya kikundi, anachapisha, analipa, anafunga dirisha, anaondoka. Katika orodha kuna majina, namba za simu, kiasi ambacho kila mama amechanga, na zamu ya nani kupokea juma lijalo. Anayekaa kwenye kiti kile baada yake anaweza kufungua yote bila kuwa mwizi hodari, bila kujua neno lolote la siri. Kwa mtu mwenye nia mbaya, kujua ni mama gani atakuwa na pesa nyumbani siku ya posho ni habari ya thamani kuliko barua pepe yenyewe.

Dawa yake ni neno moja la Kifaransa ambalo kila mweka hazina alijue kama anavyojua namba yake ya siri: «Déconnexion», au «Se déconnecter». Ukiligusa, tovuti inaifuta karatasi ile upande wake, haifungui tena. Kufunga dirisha si kutoka. Kama ulikwisha kuondoka na unakumbuka njiani, usirudi mbio kwa mguu: fungua barua pepe hiyo kwenye simu yako mwenyewe, badilisha neno la siri. Kwa Gmail na Facebook kubadilisha neno la siri kunakupa pia nafasi ya kufukuza vifaa vingine vilivyoingia. Zote mbili zina orodha ya vifaa vilivyo wazi. Ichungulieni mara moja kwa mwezi.

WhatsApp nayo, ingawa haitumii njia ileile, ina shida ya jamaa moja. Mtu akishika simu yako kwa dakika moja anaweza kuunganisha mesaji zako na kompyuta yake, akawa anazisoma akiwa kwake. Ndani ya WhatsApp, tafuta «Appareils connectés». Kama kuna kompyuta usiyoijua, iguse, uitoe. Tunajua kuna mabwana wanaofanya hivyo, na kuna wake wanaofanya hivyo pia. Hatuhukumu nyumba ya mtu. Tunasema tu orodha iko pale.

Na kuna wezi wa kweli. Wametengeneza programu mbaya ambazo kazi yake ni kuchota kuki za kuingilia kwenye kompyuta na kuzituma kwao. Mwizi akiwa na karatasi yako, hahangaiki na neno la siri. Ndiyo maana hatuchoki kuwaonya watoto wetu wakubwa wasijaze kompyuta ya nyumbani programu za bure na michezo iliyovunjwa kufuli, inayoletwa kwa fimbo ya USB kutoka kwa rafiki wa rafiki.

Kitufe kidogo cha kukataa

Turudi kwenye dirisha la mwanzo. Kwa nini linatokea? Kurasa nyingi tunazosoma zinatoka Ufaransa na Ubelgiji, na sheria za Ulaya zinadai mtu aulizwe kwanza kabla ya kupewa kuki za kumfuata. Sheria yao kubwa ya kulinda habari za watu ilianza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Mwaka 2019 mahakama kuu ya Umoja wa Ulaya iliongeza kwamba kisanduku kilichowekewa alama tayari si kukubali. Mtu aweke alama mwenyewe.

Makampuni yakapata ujanja. Kukubali kulikuwa kugusa mara moja, kukataa kulikuwa kuzunguka kurasa tatu za maandishi madogo. Mwanzoni mwa Januari 2022 ofisi ya Ufaransa inayolinda habari za watu, CNIL, ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa sababu hiyohiyo: kukataa hakukuwa rahisi kama kukubali. Ndiyo sababu siku hizi mara nyingi mnaona «Tout refuser» pembeni ya «Tout accepter». Kwenye tovuti nyingine za Kifaransa kukataa kumeandikwa kwa herufi nyembamba, juu kabisa, upande wa kulia: «Continuer sans accepter». Kitafuteni pale. Ukikataa, ukurasa kwa kawaida unafunguka vilevile. Kuki ya lazima, kama ile ya kuingilia, haiondoki kwa kukataa, kwa hiyo msiogope kwamba mtavunja kitu.

Na sisi? Kongo ina Code du numérique, sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, na ndani yake kuna sehemu inayolinda habari za mtu binafsi. Ni vizuri kujua ipo, hasa kwa vikundi vinavyoandika majina ya wanachama kwenye kompyuta, maana inatuhusu sisi pia tunaoshika habari za wengine. Lakini mama akikutwa na matangazo ya aibu kwenye simu leo jioni, sheria hiyo haitafika kabla ya usiku.

Kinachofika ni mkono wake mwenyewe. Katika Chrome, gusa nukta tatu, ingia «Paramètres», kisha «Paramètres des sites», kisha «Cookies tiers». Hao «tiers» ndio yule mtu wa mlangoni. Chagua kuwazuia. Safari ya iPhone inawazuia yenyewe tangu Machi 2020, na Firefox nayo haiwaachi wakufuate kutoka tovuti hadi tovuti. Google iliahidi mwaka 2020 kuwaondoa kabisa katika Chrome, ikaahirisha mara kadhaa, na Julai 2024 ikasema haitafanya hivyo. Kampuni inayotengeneza kivinjari ndiyo inayouza matangazo, tusishangae sana.

Kwa simu ya kukopa, au kwa jambo la siri kama la yule mama wa watoto watano, tumieni «Navigation privée»: nukta tatu, «Nouvel onglet de navigation privée». Ukurasa unakuwa mweusi. Kuki zitakazopokelewa humo zinafutwa zote ukifunga, na historia haiandikwi. Fungeni kweli, msiache ukurasa umelala nyuma. Haimfichi mtu mbele ya tovuti yenyewe wala kampuni ya simu; inamficha mbele ya atakayeshika simu baada yake, na mara nyingi huyo ndiye anayehusika.

Kuhusu programu, simu nyingi za Android zina sehemu katika «Paramètres», «Google», «Annonces», panapoandikwa «Supprimer l'identifiant publicitaire». Ni namba ya 7731 ya upande wa programu. Ifuteni; hakuna programu mtakayoipoteza. Na mtakapofuta kuki zote, kumbukeni mtatolewa kwenye akaunti zote mlizokuwa ndani, kwa hiyo hakikisheni kwanza neno la siri mnalijua. Kuna mama atakayetukasirikia tusipolisema hilo.

Siku ya posho, baada ya hesabu za michango, tutabaki nusu saa kwa wanaotaka kufanya haya pamoja. Leteni simu zikiwa na chaji, hata zenye kioo kilichopasuka. Mega hazihitajiki, kwa sababu vitufe vyote tulivyotaja vya Chrome vinafunguka bila intaneti. Mweka hazina wa kila kikundi aje na orodha ya mahali pote alipowahi kufungua barua pepe ya kikundi.